Upatanisho wa Kisarufi katika Kurasa Zitungwazo na Skripti

Huko Lemara, katika jiji la Arusha, nilionyeshwa tovuti ya duka moja la pembejeo. Nilipochagua jembe, ukurasa uliniambia: "Jembe imeongezwa kapuni." Nilipochagua mifuko mitatu ya mbegu: "Mifuko 3 imeongezwa kapuni." Sentensi ya pili ni sahihi, lakini kwa bahati tu.

Wako watakaosema kuwa hiki ni Kiswahili cha bara. Lawama hiyo si ya haki. Kimeru, kisemwacho katika mitelemko ya mlima ulio juu ya mji huo, ni lugha ya Kibantu yenye ngeli zake. Na kijana aliyeitunga tovuti ile alicheka mwenyewe nilipoisoma sentensi kwa sauti. Aliyekosea ni seva. Tovuti yake imeandikwa kwa PHP, lugha ya skripti aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ambayo ndiyo iliyoandikiwa pia MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003. Kivinjari kiombapo ukurasa, skripti hufanya kazi katika seva: huchota jina la bidhaa katika hifadhidata, hulipachika katika sentensi iliyoachwa pengo, kisha hupeleka ukurasa uliokwisha kamilika. Mfasiri huletewa sentensi yenye pengo tu. Angejuaje kama patakaa jembe, kitabu au mbuzi? Huandika i-, akatumaini.

Zana za kutafsiria zitumiwazo na skripti hizi kwa kawaida huuliza jambo moja: umoja au wingi? Kwa Kiingereza yatosha. MediaWiki huweza kuuliza pia jinsia ya mtumiaji, jambo ambalo sarufi yetu haina haja nalo.

Wengine hukwepa kwa kuandika, "Umeongeza jembe 1." Ni werevu, maana mtendaji ni mnunuzi, na nomino haidai kiambishi katika kitenzi. Walakini likija neno -pya, -ote au -angu, taabu ni ile ile. Wala haifai skripti ikisie ngeli kwa silabi ya kwanza: kifaru ameonekana, si kimeonekana; ndizi moja imeiva, ndizi tatu zimeiva, na nomino haikubadilika hata kidogo.

Hatuna budi kuiandika ngeli pamoja na nomino, katika safu yake ndani ya hifadhidata, kama kamusi zetu zifanyavyo: jembe, li-/ya-, mfuko, u-/i-. Kwa duka kama lile ni kazi ya mchana mmoja, na PHP yaiweza bila shida. Lakini yafaa mwanaisimu aketi na mtunga programu kabla hifadhidata haijapangwa. Sisi huitwa mwishoni, nasi twaridhika. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa orodha ndefu ya sentensi zenye mapengo. Nikazitafsiri zote kwa siku mbili, nisiulize hata mara moja ni neno gani litakalowekwa humo.