Filamu Inunuliwayo na Kugeuka kwa Nakala
Katika filamu ya George Lucas, Star Wars, iliyotolewa mwaka 1977, Han Solo peke yake ndiye apigaye, na Greedo hufa. Katika toleo la 1997 Greedo hutangulia kupiga. Katika lile la 2004 hupiga karibu pamoja. Na katika lile la 2019 ameongezewa neno la kusema kwanza. Picha imezidi kung'aa, bali tendo si lile.

Mnakili wa utenzi akigeuza neno, mswada wa zamani husalia kumshuhudia. Filamu inunuliwayo kwa intaneti yaweza kukosa shahidi huyo, kwani muuzaji aweza kuweka nakala mpya mahali pa ile ya kwanza. Uangavu wa picha, basi, usidhaniwe kuwa ndio usahihi wa kazi. Mhakiki na ataje mwaka wa toleo alilolitazama.