Sambusa za Akiba

Mtoto wa miaka minne hajui foleni ya feri. Mamake bado amesimama upande wa kisiwani, umati umebanana hadi mtu hana pa kuweka mkoba, na feri iliyotarajiwa imeharibika. Huko Likoni mtoto anajua tu kwamba jua limetua na tumbo linamuuma. Ndivyo alivyo pia mtoto wa Kisauni ambaye mamake amekwama ndani ya matatu kwenye Daraja la Nyali, na wa Changamwe ambaye mamake ametoka zamu ya kiwandani miguu imevimba. Mama akiingia mlangoni saa mbili kasoro, mwanawe keshaanza kusinzia. Hapo ndipo anapoonekana mpishi aliyejipanga tangu Jumapili.

Nimekaa sana jikoni kwa shangazi yangu, Majengo Mapya, nikimtazama akitengeneza sambusa za akiba. Huanza baada ya adhuhuri, nyumba ikishatulia, na manda hutengeneza kwa mkono wake. Huukanda unga ukawa mgumu kiasi, akaukata madonge, akasukuma vichapati vidogo. Kila kimoja hukipaka mafuta na kukinyunyizia unga mkavu, kisha akavibandika kimoja juu ya kingine na kuvisukuma pamoja mpaka vikawa kipande kimoja chembamba na kipana. Moto wa chuma hauwi mkali. Manda huonjeshwa joto tu, upande huu na upande huu, kisha hubanduliwa zingali za moto, maana zikipoa hushikana na kupasuka. Atakayeogopa kuungua vidole hawezi kutengeneza manda.

Nyama ya kusaga hupikwa kwa thomu, tangawizi na ndimu hadi ikauke kabisa, ikaachwa ipoe. Kitunguu na dania huja mwisho, na kitunguu chenyewe kwanza hukamuliwa. Shangazi hana mzaha na maji. Yakibaki ndani ya sambusa yatageuka barafu, na siku ya kukaanga barafu hiyo ikikutana na mafuta ya moto, jiko zima litarukiwa mafuta, na pembeni huenda amesimama mtoto anayesubiri chakula chake.

Halafu huja kukunja. Ukanda wa manda huzunguka kidoleni ukawa mfuko wa pembe tatu, ukatiwa nyama, ukafungwa kwa gundi ya unga na maji. Kabla ya kuiweka sambusa siniani, huigeuza na kuitazama pembe ya chini. Hiyo pembe ndiyo kazi yote. Ikiwa na tundu hata la kupitisha sindano, mafuta yataingia, nyama itatoka, na mtoto atalishwa mafuta badala ya chakula. Nimemwona akiifungua sambusa ambayo mimi sikuiona ila, akaikunja upya.

"Shangazi, hiyo si iko sawa?"

"Sawa ya kwako, mwanangu. Ya mtoto bado."

Za watoto hazitiwi pilipili, na huzikunja ndogo, za kutosha kiganja cha mtoto, ili aishike mwenyewe na kula bila kulishwa. Akishamaliza huzipanga kwenye sinia zisigusane, sinia ikaingia friza hadi zikawa ngumu kama mawe, ndipo zikahamishiwa kwenye mikebe. Anayezirundika mbichi mkebeni atakuta donge moja, na itabidi alivunje kwa kisu. Siku ya kazi hazingojwi ziyeyuke, kwa kuwa manda ikilowa haifai tena. Hutoka kwenye baridi zikaingia moja kwa moja kwenye mafuta ya moto wa wastani, zipate muda wa kuiva hadi ndani kabla ya kubabuka nje. Mama anavua viatu, anabadilisha nguo, na chakula kiko sahanini.

Friza ina adabu zake, na wengi wetu tumeinunua bila kujifunza adabu hizo. Kiazi kilichochemshwa kizima, kikigandishwa, hutoka na maji na ladha ya kamba. Kiazi hicho hicho kikipondwa kikafanywa katlesi hukaa vizuri, na yai hupakwa siku ya kukaanga. Maharagwe na mbaazi huchemshwa kwa wingi bila nazi, yakagawanywa kwa mlo mmoja mmoja, na tui zito likagandishwa peke yake. Tui la aina hiyo likiyeyuka hukatika, mtu asiyejua akalimwaga. Shangazi hulirudisha kwa moto mdogo na mwiko usiotulia, likashikana tena. Chapati huziivisha nusu tu. Na kilichokwisha kuyeyuka hakirudi friza, hata kama kimebaki kingi.

Mikebe anayotumia ni ya siagi na ya aiskrimu, iliyooshwa na kukaushwa juani. Zamani kila kitu kilitiwa kwenye mifuko ya plastiki, ile myepesi tuliyofungiwa hata nyanya mbili pale sokoni Kongowea. Serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 28, 2017, wanawake wengi wa mtaani walilalamika kwamba sasa akiba zao watazitia wapi. Shangazi aliuliza majirani nani ana mkebe mtupu. Juu ya kila mfuniko hubandika kipande cha karatasi chenye tarehe na jina la mtoto asiyekula kilichomo, maana mjukuu mmoja hali nyama na mwingine hali dania.

Kisha kuna stima. Usiku wa Agosti 25, 2023, ilipopotea karibu nchi nzima, watu walizunguka na tochi wakifungua friza kila baada ya muda kuona kama vitu vimeyeyuka, na kila walipofungua waliyeyusha zaidi. Shangazi alitandaza blanketi juu ya friza yake na akakataza mtu yeyote asiguse mlango. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huweza kukaa na baridi yake hadi siku mbili. Iliyo nusu tupu haifiki huko. Kwa hiyo nafasi isiyo na chakula huijaza chupa za maji ya kugandisha.

Ufundi huu haukuletwa na friza. Kabla ya stima kuingia nyumba zetu, mama wa pwani alikuwa na ng'onda na papa mkavu, alikuwa na mbaazi kavu, alikuwa na nazi kikapuni, na alijua mgeni akibisha hodi usiku atampa nini. Kazi ya kutangulia njaa ilikuwapo. Friza ilipokuja, mwezi wa Shaaban ukawa chuo cha kazi hiyo, kwani wanawake walikutana kwa mama mmoja kufunga sambusa za Ramadhani, wasichana wakianzishwa kwenye gundi, kisha kujaza nyama, na kukunja kukiwa daraja ya mwisho. Friza yenyewe katika nyumba nyingi iliingia kwa biashara. Ilinunuliwa ili kugandisha barafu za ukwaju na za ubuyu za kuwauzia watoto wa madrasa, na chakula cha nyumbani kikapata kona yake chini ya barafu hizo. Kutoka kwenye kona hiyo vizazi vya watoto wa Likoni na Kisauni vimekula usiku.

Leo kona hiyo imejaa soda. Manda zinauzwa madukani zikiwa zimekatwa tayari, na sina ugomvi na anayezinunua. Mama anayerudi saa mbili usiku hana pa kuupata muda wa kubandua manda. Ugomvi wangu ni na sisi tunaosema mtoto "amekula" kwa sababu ameshika chipsi za kibandani na smoki iliyochanwa kwa kisu kisichooshwa tangu asubuhi. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta meusi ya juzi, kila siku ya wiki, kwa mtoto wa miaka minne. Tunasema hatuna muda. Muda wa Jumapili tunao, tumeutia kwenye simu tu. Kukunja mikebe miwili ya sambusa ni kazi ya mazungumzo ya alasiri moja, watu watatu wakikaa mkekani, na zamani hakuna aliyeihesabu kuwa kazi.

Wasichana waliofunzwa Shaaban zile, mikono yao ninaikumbuka. Mmoja alikuwa na kasi iliyomshinda hata shangazi, na pembe zake hazikuwa na tundu. Yeye na wenzake kadhaa wa mtaa ule wamekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, kama walivyokwenda wanawake wengi wa pwani hii. Huko Saudia sambusa ni chakula cha futari, na tajiri akigundua kwamba mfanyakazi wake anajua kukunja, kazi hiyo humwangukia yeye. Ameniambia kwa simu kwamba wiki za mwisho za Shaaban hukunja hadi usiku wa manane, friza ya nyumba ile ikajaa hadi mlangoni, na kwamba za watoto wa pale huzikunja ndogo bila pilipili, alivyofundishwa Majengo Mapya. Wanawe wawili wako Likoni kwa nyanya yao, mzee ambaye macho hayamruhusu tena kuona tundu la pembe. Mwisho wa mwezi pesa huingia kwenye simu ya nyanya. Jioni mkubwa hutumwa kibandani akanunue chipsi za watu watatu.