Fedha zenye mwisho na shule za Kisangani
Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo fidia ya vita ya dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka, kuanzia 2022 hadi 2026. Milioni 225 ni fidia ya watu, 60 ya maliasili na 40 ya mali. Mfuko wa serikali ya Kongo wa kuzigawa, FRIVAO, una makao yake Kisangani, mji ambamo katika Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana humo, shule 69 zilipigwa mizinga kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa.

Fidia ya watu ni haki ya waathirika na haiguswi. Sehemu yoyote itakayofika shuleni, kwa kuwa ina tarehe ya mwisho, yafaa ilipie gharama za mara moja, kama majengo, madawati na vyoo, badala ya gharama za kujirudia, yaani zile zinazodaiwa kila mwezi bila kukoma. Kishawishi cha kulipia mishahara ni kikubwa, kwa sababu tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na walimu waitwao NP, wanaofundisha bila kulipwa na serikali, wanadai haki yao kabisa. Lakini deni hilo ni la hazina ya taifa. Likilipwa kwa fungu linalokwisha, mzigo utamrudia mzazi, aliyekuwa akiubeba zamani kwa jina la "prime".

Katika jengo lenyewe, paa ndilo la kuangaliwa kwanza, kwani Kisangani iko karibu na ikweta na mvua haikai mbali. Bati la kipimo cha BG 32, ambalo ni jembamba kuliko la BG 28 ijapokuwa namba yake ni kubwa, hupendwa kwa bei, kisha hupigiliwa juu ya mbao zisizotiwa dawa ya mchwa. Likilegea, maji huanza kulainisha ukuta wa matofali ya udongo kutoka juu. Shule chache zilizoezekwa vizuri ni bora kuliko nyingi zitakazohitaji kuezekwa upya.

Kumbukumbu nazo zigharimiwe. Mahakama, kwa uhaba wa ushahidi, ilikadiria hasara za mali kwa jumla. Hasara ya shule yenye picha, vipimo na hati za ujenzi wake ingeweza kuthibitishwa peke yake.