Usimkate dereva mshahara kwa sababu ya geji

Kuna kauli nimeisikia Muheza, nikaisikia Pangani, na nimeisikia mezani kwetu nyumbani Tanga: "Nimejaza tenki, sindano imekomea robo tatu, kwa hiyo kuna mtu kaniibia." Ukiisikiliza haraka ina mantiki. Mimi naipinga, na si kwa sababu watu hawaibi mafuta. Wanaiba sana tu. Naipinga kwa sababu shahidi anayeitwa hapo, yaani geji ya pikapu ya miaka thelathini, hana sifa ya kutoa ushahidi wa aina hiyo.

Hebu ingia kwenye gari uiangalie. Utaona E upande mmoja, F upande wa pili, labda na vimstari katikati. Hakuna lita. Mtengenezaji mwenyewe hakuthubutu kuandika namba, halafu sisi tunaisoma kama vile imekaguliwa na Wakala wa Vipimo.

Ndani ya tenki kuna floti inayoelea juu ya mafuta, imeshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Mkono ukipanda au kushuka, kiulimi kidogo kinateleza juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye geji, unakwenda hadi kwenye floti, kisha unarudi kupitia bodi ya gari, njia ambayo mafundi wetu wanaiita ethi. Geji haijui lolote kuhusu mafuta. Inachoonyesha ni umeme kiasi gani umefanikiwa kupita njia yote hiyo.

Na hapo ndipo mchezo ulipo. Kwenye pikapu nyingi za Toyota za miaka ya 80 na 90, tenki likijaa ukinzani wa floti ni karibu omu 3. Nusu tenki ni 30 na kitu. Likiwa tupu ni karibu 110. Sasa weka kutu kwenye boliti ya ethi, tuseme iongeze omu 15. Tenki likiwa tupu, 110 inakuwa 125: sindano ilikuwa E, inabaki E. Likijaa, 3 inakuwa 18, yaani mara sita! Sindano inakomea kwenye robo tatu hivi. Umeona mtego? Ubovu huu unajificha tenki likiwa tupu, unajitokeza siku ile ile mwenye gari ametoa hela ya tenki zima. Kwa tenki la lita 65, robo ni lita 16 na ushee. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu, uone tuhuma ina uzito gani kwa kijana anayelipwa kwa trip.

Kwetu tuhuma hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mjomba ana Hilux ya zamani, inabeba machungwa Muheza na samaki kutoka Pangani. Nilipokuja likizo nikamkuta ameshamkata dereva shilingi 30,000. "Mjomba, huyu kijana ananimaliza," akaniambia. Nikamuuliza kama alikuwepo kwenye pampu. Hakuwepo, sindano ndiyo iliyomwambia. Tukaingia chini ya gari. Maji ya barafu ya samaki yalikuwa yamedondoka kwenye chesisi kwa miaka, na ukichanganya na upepo wa bahari, boliti ya ethi ilikuwa donge la kutu. Tuliisugua kwa msasa, tukaifunga upya, tukawasha swichi. Sindano ikapanda taratibu hadi karibu na F. Mjomba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema huenda kijana aliona tunakuja, akarudisha mafuta.

Sicheki. Mtu akishaamini namba, kumtoa ni kazi.

Lakini lawama si ya wenye magari peke yao. Mafundi wetu wengi, ukiwaambia geji inadanganya, jibu ni moja: badilisha floti. Inaletwa iliyotumika, imetoka kwenye gari lolote, inalazimishwa kuingia. Floti za magari tofauti zina viwango tofauti vya ukinzani, na nyingine zinakwenda kinyume kabisa: ukinzani unapanda tenki likijaa. Umelipia kifaa, umelipia ufundi, na sasa una geji inayodanganya kwa lugha nyingine. Halafu fundi anakunja mkono wa floti kwa koleo "kuirekebisha". Hiyo ni kubahatisha.

Kabla hujanunua chochote, chomoa plagi ya floti na uwashe swichi. Kwenye Toyota hizi sindano inapaswa kulala E. Kisha chukua ule waya unaotoka kwenye geji, uguse kwenye chuma safi cha bodi ukipitishia balbu ndogo, si waya mtupu. Sindano ikipanda kwenda F, geji na waya wake ni wazima, shida iko kwenye floti au ethi yake. Rudisha plagi, uongeze waya wa muda kutoka ethi ya floti hadi hasi ya betri. Usomaji ukinyooka, floti umeiokoa. Yote haya yafanyike tenki likiwa limefungwa na mahali penye hewa. Mvuke wa petroli haungoji umalize jaribio. Na kama geji ya joto nayo inasoma ovyo, acha tenki, angalia dashibodi: kwenye magari mengi ya zamani geji hizo mbili zinalishwa na kidhibiti kimoja cha volti.

Sindano ikirukaruka sehemu moja tu, kipande cha ukinzani kimelika hapo. Ikilala E daima hata baada ya kujaza, pengine floti imetoboka na kunywa mafuta. Ila usidai kila kitu kiwe ubovu. Ukipanda Mombo kwenda Lushoto mafuta yanalala upande mmoja wa tenki, na sindano inafuata. Tenki lenyewe halina umbo la boksi, kwa hiyo nusu ya sindano si lazima iwe nusu ya lita. Hata ule uvivu wa kupanda taratibu umewekwa makusudi, la sivyo kwenye mashimo ingecheza kama pendulamu.

Kwa hiyo mwizi utamjuaje? Kwa pampu. Hiyo ndiyo inayokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na inatoa lita. Jaza hadi bomba lijikate lenyewe, andika kilomita. Safari ikiisha rudi pampu ile ile, jaza tena hadi likate, gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50 kwenda tu, njia unayoijua, mzigo unaoujua. Fanya mara tatu ukiwepo mwenyewe ndani ya gari, kisha mara tatu bila wewe. Namba zikitofautiana sana, haya, muite dereva mzungumze.

Mjomba ameshanunua daftari. Lile suala la elfu 30 bado tunalo.