Mwigo wa Urubani Nyumbani, Mlima Meru na Lugha ya Maelezo

Mashine ya kumfundisha mtu urubani bila ya kumtoa ardhini si jambo jipya. Mwaka 1929, huko Marekani, Edwin Link, mtoto wa mwenye kiwanda cha vinanda, alitumia mivukuto ya vinanda kutengeneza chumba kidogo kilichoinama na kugeuka mfano wa ndege. Miaka 50 baadaye, mwaka 1979, Bruce Artwick alitoa programu ya namna hiyo kwa kompyuta ya Apple II, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikatoa ya kwake, iliyotokana na kazi ya Artwick huyo huyo. Siku hizi mwenye kompyuta yenye nguvu, usukani wa mkono, wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, na kanyagio mbili za miguu, aweza kuketi nyumbani kwake Sakina au Njiro akapaa kutoka uwanja wa ndege wa Arusha ulioko Kisongo, asitumie hata tone moja la mafuta.

Kazi ya namna hii yastahili kuhakikiwa kama ihakikiwavyo kazi nyingine yoyote ya mwigo: imeiga nini, imeacha nini, na inasema na nani? Majibu ya maswali mawili ya kwanza huipa sifa. Jibu la swali la tatu huipunguzia.

Mlima Meru ni kipimo chema cha swali la kwanza. Uwanja wa Arusha uko takriban mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo injini hupungukiwa na nguvu, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kilele cha Meru kiko chini ya kilomita 20 kaskazini-mashariki mwa uwanja, na kimo chake chapita mita 4,560. Cessna 172, ambayo ndiyo ndege ya wanafunzi wengi duniani, ina kikomo cha kupanda cha takriban mita 4,270. Basi anayeielekeza pua ya ndege hiyo kwenye kilele hatakivuka. Kadiri anavyozidi kuvuta usukani ndivyo mwendo unavyozidi kupungua, mpaka mabawa yashindwe kuibeba ndege. Na anayeingia kasokoni kwa upande wa maziwa ya Momela hukuta kuta pande tatu, kwa kuwa ukuta wa mashariki ulianguka zamani na mlima ukabaki wazi upande huo mmoja tu.

Hayo yote programu nzuri huyaiga kwa hesabu, na mafunzo yake si ya mchezo. Mwezi wa Mei 1955, ndege ya East African Airways aina ya Dakota, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Mlima haumsamehe rubani. Mwigo humsamehe, nayo ndiyo faida yake kubwa.

Ama kuhusu yaliyoachwa, programu ya Microsoft iliyotoka Agosti 2020, kazi ya Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, ni mfano wa kutosha. Imechukua picha za setilaiti za dunia nzima, na hukokotoa hata mwendo wa upepo unapopanda na kushuka miteremkoni. Lakini nyumba zake nyingi huzalishwa na kompyuta kutokana na picha hizo, si kwa mtu kuitazama kila nyumba. Hivyo sura ya ardhi huaminika kuliko sura ya mji. Kasoro hiyo ni ndogo, maana rubani huongozwa na mlima kuliko paa.

Kasoro kubwa i katika lugha. Programu hiyo yaweza kutumiwa kwa lugha kadhaa za Ulaya na Asia, Kiswahili hakimo. Kabla ya kuruka, mwanafunzi hana budi kuiarifu kompyuta ni wenzo upi ufanye kazi ipi, kila kifaa kirudipo katikati kihesabiwe kuwa kimetulia, na nafasi isiyohisi mguso iwe na upana gani. Maelezo hayo yote humjia kwa lugha ya kigeni, tena ya ufundi. Matokeo yake yaweza kuonyeshwa kwa mfano mmoja. Ndege yenye rafadha moja, yaani panga la mbele, huvutwa kushoto wakati wa kupaa. Hiyo ni tabia ya ndege ya kweli, na dawa yake ni kukanyaga kanyagio la kulia. Lakini usukani uliopimwa vibaya nao waweza kuivuta ndege kushoto. Asiyeelewa maelezo hatatofautisha tabia ya ndege na kosa la kifaa: atasahihisha lisilo kosa, na kulizoea lililo kosa.

Kuna watakaosema kwamba kazi ya kufasiri ni ya bure, kwa kuwa rubani hana budi kujua Kiingereza. Hoja hiyo ina ukweli, ila imechanganya mambo matatu. La kwanza ni maongezi ya redio. Tangu Machi 2008, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zamtaka rubani wa safari za kimataifa awe na kiwango cha 4 au zaidi cha lugha hiyo ya redio. Maneno hayo yasiguswe, kwani usalama wa watu umo katika kufanana kwake. La pili ni maandishi yaliyo juu ya vyombo vya kupimia. Hayo nayo yaachwe, maana mwanafunzi atayakuta vivyo hivyo katika ndege ya kweli. La tatu ni maelezo: kwa nini hewa nyepesi hupunguza nguvu, namna ya kupima usukani, sababu ya kutoingia kasokoni. Hapa hapana kanuni inayokataza Kiswahili, na hapa ndipo akili ya mwanafunzi inapofanya kazi. Kufasiri yote ni hatari. Kutofasiri lolote ni uvivu.

Je, Kiswahili kina maneno ya kutosha? Rubani na usukani ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyotoka baharini yakapanda angani bila taabu. Hata sarufi imejirekebisha: ndege wa porini amepaa, lakini ndege ya abiria imepaa. Ama jina la mashine yenyewe, kiigaji lafaa kuliko kiigizaji, kwa sababu kuigiza kumekwisha kuelekea jukwaani, ilhali kuiga kumebaki na maana pana ya kufuata mfano. Tendo lenyewe na liitwe mwigo wa urubani.

Walakini, si kila neno la pwani litapanda mpaka Meru. Omo ni neno zuri la sehemu ya mbele ya chombo, lakini kijana wa Usa River husema pua ya ndege, na aachwe aseme hivyo. Kinyume chake, joshi na demani, yaani upande utokako upepo na upande uendako, yafaa yafundishwe, maana hayana badala fupi, na mlima wayahitaji. Miteremko ya kusini na kusini-mashariki ya Meru hupata mvua nyingi kwa kuwa iko joshini. Upande wa Oldonyo Sambu, ulioko demanini, ni mkavu. Upande huo huo wa demani ndiko hewa huporomoka na kuivuta chini ndege dhaifu. Kanuni basi ni moja: neno la bahari lichukuliwe pale linapomwonya rubani kwa ufupi, liachwe pale linapompamba mfasiri tu.

Kazi hii haihitaji kungoja kampuni kubwa. FlightGear ni programu ya bure ambayo maandishi yake yako wazi kwa wafasiri, na Kiswahili chaweza kuongezwa humo na kikundi kidogo cha watu. Mfano upo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Yafaa kuanza na sura mbili tu, ya kupima vifaa na ya kuruka karibu na milima. Wazijaribu wanafunzi wa Arusha, si wanaisimu peke yao. Na neno watakaloshindwa kulitumia, hata kama ni fasaha, litolewe.