Kuona Nyuma ya Ugwe

Abiria wa bodaboda anapoanguka kwenye lami iliyolowa kati ya Bomet na Kericho, pingili ya mgongo ikapasuka, mfupa wenyewe si hatari kubwa. Hatari ni vipande vyake vinavyorudi nyuma na kuubana ugwe wa neva, unaopeleka amri za ubongo miguuni. Mara nyingi mpasuaji huingilia mgongoni, ilhali kipande kinachobana kiko mbele ya ugwe, mahali asipoweza kupaona. Na ugwe hausukumwi kando ovyo: ukiumizwa, mgonjwa huenda asitembee tena.

Ufundi wa kutumia ultrasaundi katikati ya upasuaji unastahili sifa kwa sababu hiyo.

Mfupa huzuia mawimbi ya sauti ya ultrasaundi, hivyo kwanza sehemu ya nyuma ya pingili huondolewa. Mgonjwa amelala kifudifudi. Jeraha hujazwa maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, kisha probu, kichwa cha mashine kinachotoa mawimbi hayo, iliyovishwa mfuko safi hutumbukizwa majini bila kuugusa ugwe. Skrini inafunguka: maji yanayouzunguka ugwe ni meusi, ugwe ni wa kijivu, na katikati yake umepita mstari mweupe. Kipande cha mfupa kikiondolewa, maji meusi huonekana tena mbele ya ugwe, nao hudunda kwa uhuru kufuata mapigo ya moyo. Eksirei haionyeshi hayo. Picha ya MRI huonyesha ugwe vizuri sana, lakini ile iliyopigwa kabla ya upasuaji haijui kisu kimebadilisha nini.

Mwaka 1982, George Dohrmann na Jonathan Rubin wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza matumizi haya ya ultrasaundi. Katika muongo huohuo madaktari wa Miami waliitumia kwa mivunjiko ya mgongo. Leo inasaidia pia kuonyesha uvimbe ulipo kabla utando wa ugwe haujafunguliwa, ili mkato uwe mfupi.

Mashine peke yake haitoshi. Kiputo kimoja cha hewa huharibu picha. Damu iliyoganda huweza kudhaniwa uvimbe. Probu ikiinama kidogo, ugwe hupotea. Vidole hujifunza kwa kurudia, kama vya mchumaji chai anayeng'amua majani mawili na chipukizi kabla jicho halijafika.

Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937 na kumpata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernie Steury, mwaka 1959, sasa hufundisha wapasuaji. Ultrasaundi si ngeni katika nchi ya chai. Akina mama waja wazito wanaijua vyema. Wanaopanga bajeti za afya Kericho na Bomet wanunue probu ndogo zinazofaa chumba cha upasuaji, na wapasuaji chipukizi wapewe muda wa kujifunza kuzishika.