Marehemu, Mjane na Mali katika Nchi ya Ureno

Waandikao habari za maziko huyaacha mambo ya urithi kwa mawakili, na mawakili huyaacha maziko kwa mapadre. Lakini katika nchi ya Ureno mambo haya mawili yalikuwa jambo moja kwa muda wa miaka mingi, na mtu ayatazamaye mbali mbali hakosi kuhukumu vibaya.

Hapo kale Mreno alipoandika wasia wake, alimkumbuka mrithi mmoja asiyeonekana, yaani roho yake mwenyewe. Sheria ilimpasa kuwaachia watoto wake theluthi mbili za mali. Theluthi iliyobaki ndiyo aliyoweza kuigawa apendavyo. Wengi waliitoa kwa misa za kuombea roho zao huko toharani, nyingine zikiagizwa kusomwa daima. Nao mwili ulizikwa ndani ya kanisa, chini ya sakafu, karibu na wazee wake na karibu na sala za jirani. Hivyo marehemu alikuwa na fungu katika shamba na mahali katika kanisa.

Desturi hiyo ilikuwa na wema wake. Maskini walipewa mkate siku ya maziko, na vyama vya Misericórdia, ambavyo cha kwanza kilianzishwa Lisbon mwaka 1498, viliwazika hata wasio na kitu. Walakini mali iliyofungwa kwa ajili ya wafu iliwapungukia walio hai. Kwa hiyo mwaka 1769, wakati wa Marquis wa Pombal, sheria ilikataza mtu kuifanya roho yake kuwa mrithi. Kadhalika palikuwa na morgado, yaani mali ya ukoo isiyouzwa wala kugawanywa, ambayo kwa kawaida ilimwendea mwana wa kwanza. Hiyo nayo ilikomeshwa mwaka 1863, ila ya nyumba ya kifalme tu.

Kwenye maziko sheria ilikuta upinzani mkubwa zaidi. Kipindupindu cha mwaka 1833 kiliua watu wengi, na makaburi mawili makubwa yakafunguliwa Lisbon, Prazeres na Alto de São João. Mwaka 1835 serikali iliamuru kila mahali pawe na makaburi nje ya makanisa, na sheria ya afya ya mwaka 1844 ikalitilia nguvu jambo hilo, tena ikadai cheti cha kifo na malipo yake. Basi mwaka 1846 wanawake wa Minho, upande wa kaskazini, waliwachukua wafu wao wakawazika kanisani kwa nguvu. Fitina ikaenea, ikaitwa Maria da Fonte, na mwezi wa Mei serikali ya Costa Cabral ikaanguka.

Mara nyingi wanawake hao wametajwa kuwa wajinga waliodanganywa na mapadre. Hukumu hiyo si ya haki. Ni kweli ya kuwa serikali ilisema vema juu ya afya, maana sakafu za makanisa zilikuwa zimejaa maiti. Lakini vijiji vingi havikuwa na makaburi yaliyotengenezwa. Watu waliambiwa wawalaze wazazi wao katika uwanja usio na ukuta, tena walipe. Wakati ule ule serikali ilikuwa ikiandikisha ardhi ili kutoza kodi, na watu walizichoma karatasi za uandikishaji huo. Waliona mkono mmoja ukigusa kaburi na shamba pamoja, wala hawakukosea.

Baadaye makaburi ya nje yalishinda, lakini watu walihamia huko pamoja na desturi zao. Wenye mali walijenga vijumba vya mawe vyenye majina ya koo, na hata leo kila mwanzo wa Novemba jamaa huenda makaburini na maua na mishumaa. Ajuaye haya hatasema ya kuwa sheria iliiua desturi, iliihamisha tu.

Lawama yangu iko mahali pengine, kwa mjane. Desturi ilimtaka avae nguo nyeusi, na vijijini wengi walizivaa mpaka kufa kwao. Je, urithi ulimpa nini? Sheria ya mwaka 1867 ilimweka nyuma ya watoto, ya wazazi na ya ndugu wa marehemu. Kilichomwokoa ni ndoa yenyewe, kwa kuwa mali za mume na mke zilihesabiwa kuwa moja, ila wakipatana vingine, na nusu ilikuwa yake. Halafu sheria mpya, iliyoanza kutumika mwaka 1967, ikapunguza ngao hiyo: kwa waliofunga ndoa tangu hapo bila mapatano, yaliyochumwa baada ya ndoa tu ndiyo yaliyochanganywa. Lakini katika urithi mjane akabaki nyuma vile vile. Ndipo mwaka 1977 mume au mke aliyebaki akawekwa pamoja na watoto, wala fungu lake lisipungue robo ya urithi.

Siku hizi mambo yanageuka tena. Tanuru ya kuchomea maiti iliyofunguliwa Lisbon mwaka 1925 ilifungwa mwaka 1936, ikafunguliwa tena mwaka 1985, na sasa wengi huchagua njia hiyo. Tangu mwaka 2018 wachumba waweza kupatana kabla ya ndoa ya kuwa hawatarithiana.

Wengine hulilia ya kale kwa kuwa ni ya kale, na wengine husifu mapya kwa kuwa ni mapya. Yafaa tupime kwa kipimo kingine: desturi inamtwika nani mzigo, nayo inampa fungu gani? Kwa kipimo hicho, watu wa Minho walikuwa na haki ya kudai kaburi lenye heshima, na sheria ya mwaka 1769 ilikuwa na haki ya kuwafungulia walio hai mali yao. Walakini kumvika mjane nguo nyeusi maisha yake yote, na kumsimamisha nyuma ya shemeji zake siku ya kugawa urithi, hilo halikuwa haki katika zamani zo zote.